Oili Ilikuwa Inatoka Juu

Chilangala, Ijumaa alasiri

Mama yangu Asumpta, mkubwa wa ukoo huu, shikamoo. Mdogo wangu Fidelis, mjomba wa Dismas, ambaye kwa cheo chake anatajwa wa pili, na ambaye hayupo. Wifi yangu Veronika, uliyetoka Masasi kuja kusimama kwa niaba ya marehemu mume wangu na ukoo wake. Mzee Saidi, jirani ambaye mikorosho yetu na yake inagusana matawi, pamoja na mkeo. Na wewe Dismas, mwanangu, ambaye kwa umri unatajwa mwisho, na ambaye barua hii ni yako.

Ninaandika Ijumaa, huku shangazi yako Veronika akipanga nguo zako kwenye begi, akizipangua, akizipanga tena. Nimekusudia kuisoma mwenyewe Jumamosi asubuhi, mbele ya hawa wote, kabla hujawasha gari kwenda kuanza kazi Songea. Nimechagua kuandika kwa sababu nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi, na ninaongea vizuri. Kuongea vizuri kumenisaidia mara nyingi kulizunguka jambo bila kuligusa, na watu wakatoka wakisema nimesema. Mkiniona nainua macho kutoka kwenye karatasi na kuanza kueleza, Mzee Saidi anirudishe.

Sitakuelekeza namna ya kupika, kufua, wala kuishi na mwenye nyumba. Shangazi yako ameyasema hayo mara tatu tangu asubuhi. Mimi nitasema habari ya gari utakaloliendesha, ile pikapu aliyotuachia baba yako, na habari ya mtu aliyelitengeneza.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na anayemsimamia ni mjomba. Anapokwenda kukaa mbali, mjomba ndiye anayeketi naye na kumpa ruhusa ya kuondoka. Wewe umepangiwa kuondoka bila ruhusa hiyo. Wote mliopo hapa mnadhani mnajua sababu, kwamba Fidelis alinidhulumu. Sababu hiyo niliitoa mimi, na haikuwa ya kweli.

Nianzie kwenye doa. Mwaka juzi, msimu wa kupulizia mikorosho ulipomalizika, nilianza kuona oili chini ya gari, nyuma ya injini, pale inapoungana na gia boksi. Kwanza ilikuwa ukubwa wa sarafu, baadaye ukubwa wa kisahani. Nilipokwenda Newala mjini, dereva mmoja wa lori aliinama, akapitisha kidole, akaniambia ni sili ya nyuma, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke pale mhimili wa krenki unapopita kwenda kwenye klachi. Alisema kwa uhakika, nami ninapenda watu wanaosema kwa uhakika. Nikamwita Fidelis kutoka Nanganga.

Alifika kwa basi na mfuko wake wa spana, akamsalimia mama, akachungulia chini ya gari, akatoka akijipangusa magoti.

“Dada, nani kakuambia sili?”

“Dereva wa lori.”

“Huyo anaendesha injini au anazifungua?”

“Fidelis, doa liko nyuma. Macho ninayo.”

“Doa liko nyuma, ndiyo. Lakini oili ikitoka juu, upepo wa safari unaisukuma, inateremka mgongoni mwa injini, inakuja kudondokea hapohapo. Si wewe uliyekuwa unafundisha fizikia? Nipe maji na sabuni nioshe injini. Tuendeshe mpaka Newala na kurudi, halafu tuangalie kuanzia juu kwenda chini. Nusu siku tu.”

“Maji ya kuoshea injini? Huku? Wewe huko bondeni unafungua bomba. Sisi dumu moja tunalipanga foleni.”

“Basi madumu matatu, dada. Nitayabeba mimi.”

“Badilisha sili.”

Nilisema kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kwenye gwaride la shule. Mdogo wangu alikuwa fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini, na mimi nilimwamuru kama mtoto aliyechelewa namba. Bibi yako alikuwa amekaa barazani akimenya muhogo. Akasema kwa Chimakonde kwamba mwenye ugonjwa hampangii mganga dawa. Nikamwambia, mama, hili ni gari.

Alilala chali kwenye udongo mwekundu tangu asubuhi mpaka alasiri. Alishusha gia boksi kwa magogo mawili na kamba, peke yake, akanionyesha sili ya zamani, ambayo kwa haki haikuwa mbaya, akafunga mpya. Alipomaliza aliomba maji ya kunawa, nikampa kopo moja. Akaniambia, “Nimefanya ulichosema, dada. Sijafanya ninachojua.” Mimi nikasikia kiburi. Leo nikiyarudia maneno hayo, nasikia taarifa ya fundi kwa mwenye gari.

Kosa lililofuata ni langu bila kushirikiana na mtu. Kwa kuwa niliamini tatizo limekwisha, niliacha kupima oili. Wiki mbili nzima sikuchomoa kile kijiti. Wiki ya tatu kifua cha bibi yako kilibana, nikampakia kumpeleka hospitali ya Mkomaindo, Masasi. Tulipopita Newala na kuanza kuteremka kuelekea Masasi, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nilizima injini, na hilo ndilo jambo pekee la busara nililofanya katika habari hii yote. Tulisimama kandokando ya barabara, mama akivuta pumzi kwa mabega. Pikipiki ya tatu ndiyo iliyokubali kusimama. Tukampakia katikati, dereva mbele, mimi nyuma nikimshikilia kwa kanga, tukafika Mkomaindo hivyo.

Walimpokea, wakampa hewa, akatulia. Ndugu wakaanza kukusanyika kwenye veranda. Veronika, ulikuwepo. Mzee Saidi, ulikuwepo. Fidelis alifika mwisho, amevaa nguo za kazi, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko, amebeba chupa ya uji. Nilisimama nikamwambia mbele yenu kwamba sili mpya aliiuza akanifungia ya zamani, na kwamba mama angekufa barabarani kwa tamaa yake.

Akasema, “Dada, mbele ya watu?”

Nikajibu, “Mbele ya watu.”

Aliiweka chupa kwenye benchi. “Uji wa mama huo. Una limau.” Akaondoka. Hajaketi tena katika kikao chochote cha ukoo, na hakuna aliyemfuata kumuuliza, kwa sababu aliyesema alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mshtakiwa alikuwa fundi mwenye karakana ya mabati kandokando ya barabara.

Gari lilivutwa mpaka nyumbani, nikajaza oili, na doa likaendelea. Hapo ningeweza kujiuliza. Badala yake nilitaka ushahidi. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni fundi Masasi, alinieleza njia: osha injini, ikauke, inyunyizie poda nyeupe, iwashe, kisha tazama poda inalowa wapi kwanza. Nyumbani hapakuwa na poda. Kulikuwa na nusu mfuko wa salfa uliobaki kwenye kupulizia mikorosho. Ni unga, ni laini, rangi yake inaonekana. Nikaichukua. Hatua ya kuosha nikairuka, kwa sababu ileile ya maji.

Sijui kama kuna mahali pengine duniani ambapo mtu mwenye shahada angefanya hivyo, ila huku kwetu salfa iko stoo kama chumvi ilivyo jikoni, na tumeacha kuiona kuwa ni kitu kinachowaka. Ilipoangukia bomba la ekzosi, lililokuwa bado na joto kali la safari, iliyeyuka, ikashika moto wa buluu, mdogo, ambao juani hata hauonekani. Nilichokiona kwanza ni moshi, na nilipouvuta nilipiga magoti. Mzee Saidi aliruka ua na sepetu ya mchanga.

“Mama Dismas! Unapulizia mkorosho au gari?”

Nilikuwa nakohoa. Alimwaga mchanga, akamwaga tena, akanivuta mkono.

“Ukipona useme litazaa lini, nije kuokota mabibo.”

Alicheka peke yake. Baadaye aliacha kucheka, akakaa nami mpaka kikohozi kilipopungua. Wewe ulikuwa chuoni. Nilikuandikia kwenye simu kwamba gari lilipigwa shoti. Kila mtu hapa nilimwambia shoti. Mzee Saidi anajua, na kwa heshima yake alinyamaza. Ninamwondolea mzigo huo leo.

Baada ya hapo nilifanya alichosema Fidelis tangu mwanzo. Niliosha injini kwa madumu sita, sabuni na mswaki, nikaiacha ikauke siku nzima. Nikachekecha unga wa muhogo kwa chujio la chai juu ya injini iliyopoa, nikaiwasha, nikasimama na tochi. Kwa dakika kumi hakukuwa na kitu. Kisha kwenye kona ya nyuma ya kifuniko cha juu kabisa, kile kinachofunika valvu, unga ukageuka kahawia. Doa dogo likawa mstari, mstari ukateremka mgongoni mwa injini polepole, ukapita kwenye boliti moja, ukapinda, ukafika chini. Tone likaanguka palepale nilipokuwa nimeonyesha kwa kidole miezi kadhaa nyuma nikisema macho ninayo.

Nilinunua Masasi gasketi, mpira unaoziba ukingo wa kifuniko hicho. Ya zamani ilikatika mikononi kama kashata. Niliifunga mpya mwenyewe, nikikaza boliti kidogokidogo kwa kupokezana pande zote, na kwa siku nne nikajiona fundi. Siku ya tano unga ukalowa tena.

Hapo ndipo nilipolitazama jambo nililokuwa nikiliona kila siku. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimejiinua. Nilikuwa nakikuta hivyo mara kwa mara, nakisukuma kwa kiganja, nakwenda zangu. Nikafungua kifuniko cha kujazia oili huku injini ikinguruma, moshi ukanipiga usoni. Dismas, nimewafundisha watoto wa watu habari ya kani na shinikizo mpaka chaki ikanitoboa vidole. Injini ilikuwa imezibwa pumzi, ikitafuta pa kutokea, ikiisukuma oili kwenye kila kiungo dhaifu. Gasketi yoyote ambayo ningeifunga ingeshindwa.

Nikaufuata mpira wa kupumulia, ule unaotoka juu ya injini kwenda kwenye chujio la hewa. Mwisho wake ulikuwa umechomoka, na ndani yake kulikuwa na gunzi la muhindi.

Nililitambua kwa sababu nililichonga mwenyewe. Mnajua tunavyoishi msimu wa salfa: tunafunika mitungi, tunafunga pua kwa kanga, tunahamisha kuku. Asubuhi moja nilikuta mpira huo umechomoka, na gari lilikuwa linakwenda shambani kubeba bomba la kupulizia. Nikahofia salfa itaingia kwenye injini. Nikachukua gunzi, nikalichonga likaenea, nikaziba. Nilikusudia kulitoa jioni. Jioni nilikuwa nimechoka, siku iliyofuata nikasahau. Wiki tatu baadaye lilitokea lile doa la kwanza.

Nikalitoa gunzi, nikarudisha mpira mahali pake, nikakaza upya kifuniko. Tangu siku hiyo gari halijadondosha tone. Ile sili ambayo nilisema iliuzwa iko ndani, kavu. Imeteremka na kupanda mwinuko huu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Sasa ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nijue. Hili ndilo ninalotaka ulisikie vizuri kuliko habari ya gunzi. Kukosea kulinichukua dakika chache. Kukaa na kosa kumenichukua muda wote huo, na kila mwezi nilikuwa na sababu inayoeleweka. Mara ni mavuno ya korosho. Mara presha yangu imepanda. Mara nitampigia simu, kisha naona jambo kama hilo halisemwi kwenye simu. Hakuna hata sababu moja kati ya hizo iliyokuwa ya uongo, na zote pamoja zilifanya kazi ya uongo.

Kisha ikaja siku uliporudi likizo ya Pasaka. Ulinieleza mezani kwamba basi lilisimama Nanganga, ukashuka kununua karanga, mjomba wako akakuona, akaja mpaka karibu akifuta mikono kwenye tambara, akasema, “Mjomba, hujambo? Umekua hivi!” Nawe ukageuka ukapanda basi bila kumwamkia. Ulinieleza kwa fahari. Ulidhani unamtetea mama yako. Mimi niliyekufundisha kusema shikamoo kabla hujajua kufunga vifungo nilikuongezea mboga kwenye sahani, nikakuuliza kama mitihani ilikuwa migumu.

Nimeyapima makosa yangu yote katika habari hii, na hilo la mezani nimeliweka juu ya mengine. Kwenye veranda ya Mkomaindo nilikuwa na hofu, na mama yangu alikuwa ndani akipigania pumzi. Mezani sikuwa na hofu yoyote. Nilikuwa nimeshiba, nimekaa, na ninajua.

Unakwenda kufanya kazi na watu. Utapewa wadogo zako kazini wa kuwaelekeza, na utajikuta una sauti inayotiiwa. Sina namna ya kukuzuia usikosee kwa sauti hiyo. Ninaweza tu kukueleza kilichonipata mimi: aliyekuwa anajua alikuwa amesimama mbele yangu na mfuko wa spana, akaomba madumu matatu ya maji, nikamnyima, na baadaye nikatumia sita. Ukifika mahali mtu aliye chini yako anaomba muda mdogo wa kuangalia kwanza, mpe. Hata kama utajiona unapoteza muda. Na ukishagundua kwamba alikuwa sahihi, mwambie siku ileile, kwa kuwa siku ya pili ni ngumu zaidi, na mimi nimezijaribu karibu mia tano.

Mama, wewe hukuwahi kuamini. Uliniuliza mara mbili kama nina hakika, na mara zote mbili nilikujibu kwa hasira. Ninakuomba radhi. Veronika, ulilipeleka neno hilo kwa ukoo wa mume wangu kwa sababu ulilipokea kutoka kwangu. Si kosa lako, lakini utanisaidia kulirudisha lilikotoka.

Nimefika kwenye uamuzi. Nimeuandika ili nisiweze kuupunguza nikisimama.

Neno nililolisema mbele ya watu sitalifuta faraghani. Walewale waliolisikia Mkomaindo watalisikia likifutwa, na atalisikia yule aliyeambiwa. Kwa hiyo Dismas hataondoka kwenda Songea kutoka hapa. Tutateremka wote mpaka Masasi. Pale ambapo angegeukia njia ya Tunduru kwenda Songea hatageuka, tutanyoosha mpaka Nanganga, kwenye karakana ya Fidelis. Mama atakaa mbele. Sisi wengine tutakaa nyuma, na tumejiandaa kwa vumbi. Fidelis hajapewa taarifa, kwa kuwa nikimpa taarifa atapata nafasi ya kunirahisishia, na ninamjua, atanirahisishia.

Dismas atashuka wa kwanza, atamwamkia, na atangoja aitikiwe. Kisha nitasimama mimi. Nitamwambia kwamba hakuuza sili, kwamba oili ilikuwa inatoka juu kama alivyosema, na kwamba aliyeziba mpira ni dada yake. Kisha nitanyamaza, na kikao kitakuwa chake.

Akikubali kuketi na mpwa wake, Dismas ataanzia safari uani kwake. Akikataa, hatutamlaumu wala kumbembeleza kwa zamu. Tutalala Nanganga, tutamwomba tena Jumapili, na Jumatatu pia. Dismas, najua Jumatatu unatakiwa kuripoti. Barua ya kueleza kuchelewa kwako nimeshaiandika, nimetia saini, na sababu niliyoitaja humo ni mimi.

Mama, wewe ndiye mkubwa hapa na neno la mwisho ni lako. Ukiafiki, simama, nasi tutakufuata garini.

Mama yako